Vistari Vitatu

Sifongo ni mnyama; usicheke.
Hukaa chini ya barafu ya Baikal,
kijani kama mboga iliyosahauliwa kwenye mtungi,
na siku hizi anageuka waridi, halafu anaoza.

Nimemsaga. Nimemsoma. Limebaki fumbo moja:
protini ya herufi mia mbili na kumi na nne,
inayoanza kwa M kama karibu zote zinavyoanza,
kama hodi.

Irkutsk, saa nane usiku. Kipasha joto kinakohoa.
Naibandika kwenye kisanduku cheupe, nabonyeza,
na mbali huko, ndani ya mashine nisizoziona,
linafunguliwa ghala la maandishi ya viumbe:
chachu, panya, ngano,
bakteria wa bomba la mtu fulani.

Mashine haisomi. Inapapasa.
Hushika herufi tatu tatu
ikazipeleka mlango hadi mlango: mnamjua huyu?
Wakijibu labda, husogea hatua kushoto, hatua kulia,
inatoa alama, inatoza faini,
mpaka undugu ukauke.

Ndivyo alivyo Ami Dashinima kule Ust-Orda.
Mgeni hajavua viatu, chai ya chumvi haijamiminwa:
"Nitajie baba zako saba."
Mkikutana kwa wa tano, nyama inakatwa upya.
Msipokutana utakula pia,
ila mfupa mwingi.

Katika nasaba imo saba.

Lakini yeye mwenyewe akitaja wake,
Dashinima wa Garma, Garma wa
hapo hunyamaza. Hupiga funda moja.
Kisha huendelea na wa tatu,
kana kwamba Garma alizaliwa na babu yake.
Jina lile walilichukua watu waliokuja na karatasi usiku.
Mke wa mwenye jina akalikwangua kwa kisu
katika kitabu cha ukoo, watoto wapate shule.
Alikwangua sana. Ukurasa umetoboka.

Kompyuta inalia kidogo. Majibu manne.
Matatu ni ya kufanana kwa makoti, si kwa mifupa.
La nne:
uwezekano kwamba wamefanana kwa bahati tu
ni sufuri, nukta, na sufuri nyingine thelathini na moja
kabla ya tarakimu yoyote kuthubutu kuonekana.
Hiyo ni damu.

Ndugu yenyewe ni protini ya mnyoo wa matope, ghuba ya Chile.
Nakimbilia kusoma kazi yake.
Pameandikwa: *Protini ya kudhaniwa. Kazi haijulikani.*
Mtu aliiweka hapo miaka kumi na sita iliyopita,
akazima taa, akaenda kulala.

Nimeuliza wewe ni nani,
nimeletewa nduguyo,
naye hajijui.

Nazipanga juu na chini:

N W G D C K L Y S T P
N W G D - - - Y S T P

Zinashikana mikono, zinaachana, zinashikana tena.
Zinaida wa benchi la pili husema vistari ni uchafu wa hesabu.
Mimi nimevitazama mpaka chai ikaganda utando.
Mashine haikuziba pengo kwa herufi ya uongo.
Haikusema mnyoo alipoteza, wala kwamba sifongo alizidisha.
Imesema: hapa sijui,
tuendelee, Y kwa Y.

Asubuhi nampigia Ami.
Namuuliza baba yake Garma jina lilianza na herufi gani.
Nasikia ng'ombe, nasikia mlango, nasikia funda.

"Mama alisema B," anajibu.
"Au D. Alinong'ona, na kulikuwa na upepo."

Nimeziandika zote mbili,
kwa penseli.